Ini Lililoelea

Kitu cha kwanza watu walichokisifu kwa mtoto wa mdogo wangu ni mashavu. Alikuwa na miaka miwili na miezi michache, na mwezi ule mashavu yake yalijaa hadi macho yakawa madogo. Wanawake wa mtaa wetu wa Murara waliopita uani kwetu na bidoni zao za maji walimbonyeza kwa kidole, wakacheka, wakamwambia mama yake kwamba anajua kulea. Nilikuwepo, nilisikia, na mimi pia nilicheka. Naanza na hilo kwa sababu nimezoea kuanza na nilichokiona kwa macho yangu, na kwa sababu hatari yote ilikuwa tayari imefika, imekaa pale kwenye mashavu ya mtoto, na sisi tuliipokea kama mgeni wa heri.

Wakati ule nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama. Redio ndogo niliyoifanyia kazi ya kukusanya habari ilikuwa imenyamaza, mitambo imefunikwa shuka, na kila mmoja wetu amekwenda kwao. Mdogo wangu naye alikuwa amerudi na binti yake. Mumewe alibaki upande wa Rutshuru, ng'ambo ya barabara ambayo vita viliiacha ipitike siku moja na kuifunga wiki nzima. Tulikuwa wanawake watatu na mtoto mmoja katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Nyuma ya nyumba, ndani ya ukuta wa mawe hayohayo, walikuwa nguruwe wa mama: jike moja kubwa na watoto sita waliokuwa wametoka tu kuachishwa kunyonya.

Mtu asiye na kazi hujitafutia kazi. Nilinunua daftari, nikachora mistari, nikaanza kuandika asubuhi na jioni: nani amekula nini, nani ameacha chakula, nani anaharisha. Mama alinicheka. Alisema amefuga nguruwe kabla sijazaliwa na hajawahi kumwandika hata mmoja. Lakini niliona kwamba jioni aliulizia daftari, kama mtu anayeulizia habari za mji.

Aliyetucheka zaidi ni jirani yetu, muzee mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Nguruwe kwake ni haramu, na harufu yao ilivuka ua bila kumwomba ruhusa. Miaka mingi ya ujirani ilikuwa imemfundisha kuigeuza karaha yake kuwa mzaha. Aliwaita wapangaji. Kila asubuhi, akipita kwenda dukani, alisimama nyuma ya ua bila kutazama ndani, akauliza kama wapangaji wameamka salama na kama wamelipa kodi.

Chakula cha wapangaji kilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi mama alinunua gunia la sambaza wakavu kutoka ufukweni, wale samaki wadogo wa ziwa letu, lakini si wale wazuri wanaopangwa mezani sokoni. Lilikuwa gunia la mwisho: vichwa, vipande, vumbi na mchanga. Kabla ya kulipeleka kwenye mashine kusagwa pamoja na mahindi na soya, mama na mdogo wangu walikaa chini na ungo, wakachambua. Samaki mzima aliyepatikana alitupwa kwenye bakuli. Mtoto alikaa katikati ya miguu ya bibi yake, na kila baada ya muda kidogo mmoja aliishia mdomoni mwake. Waliobaki kwenye bakuli walioshwa, wakakaangwa bila mafuta, wakatwangwa, na ule unga ukaingia kwenye uji wa mtoto kijiko baada ya kijiko hadi Jumamosi nyingine.

Hakuna aliyewahi kusema kwamba hicho ni chakula cha mtoto. Lilikuwa gunia la nguruwe. Tulilinunua kwa jina hilo, tukalibeba kwa jina hilo, na mimi, mwenye daftari, niliandika hivyo: sambaza, nguruwe.

Kisha barabara ikaanza kutuacha. Soya na maharage yaliyokuwa yakishuka kutoka Rutshuru kupitia Kibumba yalipungua, halafu yakakoma. Baadaye wenye mamlaka walikataza mitumbwi kuvua usiku, na sambaza wakawa kitu cha kuulizia mlango kwa mlango. Kilichoendelea kufika ni muhogo, kwa boti kutoka upande wa kusini wa ziwa, na viazi vitamu. Nilifungua daftari nikaona kwamba wiki mbili bila soya watoto wa nguruwe hawakukonda. Matumbo yao yalikuwa ya mviringo. Niliandika mstari mmoja, nikamsomea mama kwa sauti: kuondoa sambaza, kuongeza muhogo.

Mama alifikiri kidogo, akasema, "Kama wananona bila samaki, samaki ya nini?"

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na gunia. Ungo ulibaki umening'inia ukutani. Sikumbuki kama yeyote wetu aliutazama.

Nina maandishi ya wiki zilizofuata, na nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kwanza niliandika kwamba matumbo yamejaa lakini miguu ni myembamba. Halafu kwamba manyoya yamesimama na kupoteza mng'ao, na kwa wawili yameanza kuwa mekundu kwenye ncha. Halafu kwamba hawagombani tena kwenye hori. Kwa kawaida nguruwe mdogo hukanyaga ndugu zake ili afikie chakula. Wetu walikuja polepole, wakasimama, wakangoja. Niliandika neno moja: watulivu.

Mtoto naye alitulia. Aliacha kukimbilia ua kumsalimia muzee. Aliacha kulia alipooshwa. Mama alisema amepata akili. Siku moja mdogo wangu alimwosha kichwa, akaniita nione nywele zake, zilivyokuwa laini na rangi ya kahawia, akauliza kama ni sabuni mpya. Nilisema huenda ni sabuni. Nililiona jambo lile na kulikumbuka, lakini sikuliandika, kwa sababu daftari lilikuwa la nguruwe.

Ilikuwa mchana wa siku hizo muzee aliposimama nyuma ya ua, akatupa mzaha wake kama kawaida.

"Muji muzima unakonda, nyinyi munanona. Wapangaji wananona, mutoto ananona. Munaficha nini humo ndani?"

Tulicheka sote. Mdogo wangu alimwinua mtoto juu ya ua ili muzee amwone vizuri. Muzee alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mzaha unavyohitaji, kisha akasema kwamba amesahau ufunguo, akarudi nyumbani kwake. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kumfuata mtu anayeondoka ghafla na kumuuliza swali la pili. Siku ile sikumfuata.

Nguruwe wa kwanza alikufa siku chache baadaye. Tulimkuta amelala ubavu, tumbo limevimba, hana jeraha. Mama aliogopa homa ya nguruwe, ile inayoingia mtaani na kumaliza mabanda yote kwa wiki moja, na ambayo ukiificha majirani hawakusamehe. Akatuma nimwite daktari wa mifugo, mwanamke mwenye ofisi upande wa Himbi, ambaye Murara nzima ilimwita mama veterinere.

Alikuja na pikipiki, akaosha buti zake kwa maji ya dawa kabla ya kuingia na kabla ya kusalimia. Aliwapima joto watano waliobaki, akatazama masikio, macho, ngozi ya tumbo. Alisema si homa. Halafu akauliza wanakula nini, na mimi, kwa fahari kidogo, nikampa daftari.

Alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno lile aliliwekea kidole.

"Nani ameandika watulivu?"

Nikasema ni mimi.

"Hawa hawajatulia, mama. Hawa wamechoka."

Aliomba achinjwe yule aliyekuwa dhaifu kuliko wote, ambaye kwa vyovyote asingefika jioni ya pili. Tulimlaza kwenye ubao karibu na jiko la nje. Nimeona nguruwe wengi wakipasuliwa. Kwetu ini ndilo linalotoka kwanza na kuchomwa hapohapo, lina chumvi tu, na aliyefanya kazi hula akiwa bado na kisu mkononi. Ini la nguruwe ni la rangi ya damu iliyoganda, na kingo zake ni kali kama za jani. Hili lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kingo zake zilikuwa za mviringo. Lilikuwa kubwa, limejaa, na kisu kilipotoka ndani yake kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Daktari alilibonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki.

Akaomba beseni la maji. Alikata kipande, akakiweka juu ya maji taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kikaelea. Alikisukuma chini kwa ncha ya kisu, kikazama, kikapanda tena.

Alitueleza kwamba ini lenye afya huzama kama jiwe. Alieleza kwa subira, akichuchumaa kando ya beseni, na nilichukua maelezo kama zamani. Muhogo wote ule tuliowapa, ini lilikuwa linaugeuza mafuta. Hilo si kosa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mafuta hayatoki ndani ya ini yenyewe kwa yenyewe. Ini huyafunga vifurushi ili damu iyabebe kwenda mwilini, na ganda la kila kifurushi hujengwa kwa protini, yaani kwa kile kilichokuwa ndani ya soya na ndani ya sambaza. Akaonyesha kwa kidevu barabarani, ambako chukudu mbili, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zilikuwa zikipita tupu, vijana wamezikalia.

"Mafuta ni magunia. Protini ndiyo chukudu. Magunia inafika kila siku, chukudu haiko. Sasa depo itafanya nini? Itajaa tu."

Mama aliuliza kwa nini basi jike kubwa halijaugua, nalo linakula muhogo uleule. Daktari alisema mkubwa ana akiba katika nyama yake na anaweza kujila polepole kwa muda mrefu. Mdogo anayekua hana akiba. Kila kitu kinakwenda kujenga mwili, na kisipoingia anasimama, na wakati amesimama ini linaendelea kujaa. Na damu iliyokosa protini haiwezi kushika maji yake, maji hupenya na kukaa kwenye nyama. Tulichokiita kunona, alisema, ni maji na mafuta yaliyokosa njia.

Niliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Nilikuwa nimeinamia karatasi mama aliposema, kwa sauti ya mtu anayechukia kuona kitu kinatupwa:

"Lakini hii maini iko laini sana. Tumuchomee mutoto. Siku hizi hataki kitu ya kutafuna."

Daktari aligeuka. "Mutoto gani?"

Mtoto alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, amekaa alipowekwa asubuhi. Inzi alikuwa kwenye kona ya mdomo wake na hakumfukuza. Daktari alimtazama kutoka alipo, na sura yake ikabadilika. Alinawa mikono kwa sabuni, akamwaga maji ya kunawia, akanawa tena. Alikwenda akaketi chini, mbele ya mkeka, akaushika mguu mdogo na kuweka kidole gumba kwenye mgongo wa unyayo, akabonyeza na kuhesabu kimyakimya. Alipokiondoa kidole, shimo lilibaki.

Nyuma yetu jiko lilikuwa linatoa moshi, na kipande cha ini kilikuwa bado kinaelea.

"Mutoto anakula nini?"

Mdogo wangu alijibu kwamba anakula uji wa muhogo, na bugali, na jioni anakula tena. Alisema kwa haraka kwamba hajawahi kulala njaa hata siku moja.

"Samaki?"

Mdogo wangu alimtazama mama. Mama alitazama ukutani, kwenye ungo.

"Samaki tulikuwa tunamutolea mu gunia ya nguruwe," mama alisema.

Daktari akauliza gunia lilikatwa lini. Swali lile lilikuwa langu. Nilifungua daftari na kumpa tarehe. Katika kazi yangu yote sijawahi kutoa jibu lililo sahihi kama lile.

Akalitaja jina la ugonjwa, ambalo hakuna mtu wa Kivu asiyelijua. Bwaki, utapiamlo wa kuvimba. Tulilijua tangu utoto, lakini lilikuwa la wengine: la kambini, la vijiji vilivyokimbiwa, la watoto wenye sahani tupu. Kwetu chungu kilijaa. Nadhani ndiyo sababu hatukuona. Tulikuwa tunangoja njaa ije na uso wake wa kawaida. Daktari alisema yeye ni mganga wa wanyama na hana dawa ya mtu, tumpeleke kituo cha afya sasa hivi, na njiani tusimpe chochote cha kumfurahisha.

Hilo la mwisho mama hakulielewa, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kituoni mtoto alipewa maziwa ya matibabu, kidogo sana, kwenye kikombe, kwa saa walizopanga wao. Muuguzi alitueleza bila kupamba kwamba siku za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwamba mwili uliofungwa hivi haufunguliwi kwa nguvu, na kwamba wengine hufa mikononi mwa wanaowapenda, wakiwa na chakula kizuri mdomoni. Mama alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Lakini siku ya pili niliona fundo kwenye kitenge chake, na nilipokaa karibu naye nikagusa nikajua: mayai mawili ya kuchemsha. Alikuwa ameyabeba kutoka nyumbani. Alisema ni ya kwake, akisikia njaa.

Mdogo wangu alinivuta pembeni, nje, karibu na bomba. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kuliko nguruwe wote.

"Dada, muchunge mama. Mimi nachunga mutoto, weye muchunge mama."

Nilimlinda mama. Siku nne nilikaa kwenye benchi kati yake na kitanda, nikamfuata alipoinuka, nikaingia naye alipoingia. Hakuna mtu aliyempenda yule mtoto kuliko yeye, na mimi nilimtazama mikono kama mtu anayetazama mwizi. Alijua. Siku ya tatu alilifungua lile fundo, akanipa mayai, na hakunisemesha hadi jioni. Kitanda kilichokuwa kando ya chetu kiliachwa wazi siku hiyohiyo, na godoro lake likatolewa juani.

Kisha maji yakaanza kutoka. Mashavu yalishuka kwanza, halafu mikono, halafu miguu, na uzito wake ukapungua kila asubuhi alipopimwa, na kila asubuhi muuguzi alisema ni vizuri. Chini ya yule mtoto mnene tuliyemsifu alikuwemo mwingine, wa mifupa na macho makubwa, aliyekuwa humo muda wote. Siku aliyolia kwa sauti, akigombea kikombe, mdogo wangu aliketi sakafuni, akajifunika uso. Mama alisimama mlangoni akamtazama mtoto kwa muda.

"Huyu simujui," alisema. "Ule tulikuwa tunabeba alikuwa nani?"

Tulirudi nyumbani naye. Nguruwe wawili tu walikuwa wamesalia kati ya wale sita, na hadi leo ni wafupi kama mbwa. Muzee jirani alileta mfuko wa soya aliokuwa ameuficha dukani nyuma ya vitambaa vyake, akaupitisha juu ya ua. Alisema si ya wapangaji, lakini hakucheka. Ndipo nilipomuuliza swali la pili, lile nililolikosa. Kwa nini siku ile alirudi ndani?

Alisema aliwahi kuiona sura ile, zamani, kwa watoto wa kwao. Alijua papo hapo.

"Na kwa nini hukusema, muzee?"

"Ningesemaje? Mama yenu ameinua chungu jikoni, chungu imejaa, mimi nimuambie mutoto yake ana njaa? Ni matusi ile." Alilionyesha daftari langu kwa kidole. "Na nyinyi muko watu ya masomo. Kila siku nakuona na daftari. Nilisema, huyu anajua."

Alikuwa amenipa heshima, na mtoto nusura ailipie kwa maisha yake.

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa kushoto ni wa nguruwe. Wa kulia ni wa mtoto, na huo ndio ninaoujaza kwanza. Kila asubuhi, kabla hajanywa uji, nambonyeza kwenye mgongo wa unyayo. Amekwishazoea. Anaona ni mchezo wetu, na akiniona nimefungua mlango anaketi chini na kunyoosha mguu kabla sijamwomba, akicheka.

Wiki hii chukudu zinapita tena tupu. Soya ya muzee imebaki kidogo chini ya mfuko, na sambaza niliowapata jana wangejaa viganja viwili tu. Leo asubuhi alinyoosha mguu. Nilibonyeza, nikaondoa kidole, nikangoja ngozi irudi. Ilirudi. Nilidhani imerudi polepole kuliko jana, kwa hiyo nikabonyeza tena.